Goti la Phuntsog

Kwanza miguu mitatu.
Ya chuma, si yetu: yetu ilishakufa ganzi
tangu kambi ya chini.
Ukiikaza kabla pima maji halijatulia
povu litakuhama, na mlima mzima utahama nalo,
na adui wa ramani atatembea hewani.
Hayo kayasema Sajenti Kulwant,
mvuke wa maneno ukimgandia ndevuni.

Halafu msumari wa ardhi. Ardhi ikakataa.
Nyundo ilishuka, ikaruka, ikatucheka.
Rigzin, mzaliwa wa mabonde haya ya Ladakh,
akafungua suruali bila haya
akaunywesha mwamba maji ya moto ya mwili wake.
"Hata jiwe," akasema, "huomba kwanza lipewe."
Msumari ukaingia shubiri moja. Ikatosha.
Sikuliandika hilo kwenye daftari la matengenezo.

Mimi fundi, nimetoka Alappuzha, mtoto wa mvua.
Kwetu chuma hufa kwa kutu, polepole, kama mzee.
Huku hakiozi. Hukatika tu.
Betri nne tunalala nazo, mbili kila mfuko,
zikilala nje haziamki.
Punje za kunyonya unyevu, zikiwa za buluu, ni salama;
zikigeuka waridi nazikaanga kwenye kikaango cha mayai,
mayai tusiyoyaona tangu Septemba.
Na kila saa mbili natoka na brashi
kuifuta antena theluji usoni,
taratibu, kama unavyomfuta mgonjwa jasho.

Watu wa makao makuu hudhani rada ni jicho.
Yetu ni sikio.
Gari huja likikoroma, sauti moja nene isiyopumua.
Yaki huvuruga, miguu minne haina adabu.
Upepo kwenye miamba ni mchele unaopepetwa mbali.
Lakini mtu, mtu ana mizani yake:
hatua na mkono, hatua na mkono,
shairi ambalo hajui kwamba analisoma.

Usiku wa kumi na moja, saa nane na robo,
nikasikia: shwaa, shu. Shwaa, shu.
Mguu mmoja mzito, mmoja wa kuazima.

"Mtu mmoja. Mita elfu mbili na mia moja. Anakuja."
Kulwant akakoki bunduki.
"Ni Phuntsog," nikasema.
Mpagazi aliyetupandishia miguu mitatu mgongoni;
goti lake lilipigwa teke na nyumbu wa jeshi,
na jeshi likamtibu nyumbu.
"Chombo kimekutajia jina?"
"Hapana, Sajenti. Kimenitajia goti."

Akanitazama. Mkono mmoja kwenye simu ya upepo,
mmoja kwenye bunduki.
Elfu moja na mia tatu. Mia tisa. Mia nne.
Hakupiga simu.
Mia moja, na chini ya hapo chombo ni kiziwi:
aliye karibu mno hakimsikii.
Nikavua visikilizio. Masikio yangu mwenyewe
hayakuwa na kazi muda mrefu; yalisikia damu tu.

Kisha kikohozi. Kisha tusi la Kiladakhi
kwa theluji, na kwa mama yake theluji.

Alifungua kitambaa chenye mafundo matatu.
Ndani, kifuniko cha soketi ya kebo,
kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba.
"Nilikuona ukikitafuta," akasema,
akaomba chai, yenye siagi, si ile yetu ya sukari.

Daftarini niliandika: Lengo moja. Mtu, kwa miguu. Limetambuliwa.
Safu ya "kwa njia gani" nikairuka.

Rigzin ndiye aliyegundua kwamba Kulwant bado amesimama.
Kidole kilikuwa kimeganda kwenye kifyatulio,
hakikunjuki.
Tukakiondoa kwa subira, robo inchi baada ya robo inchi,
tukamlaza katikati ya betri.