Ngumi ya Asubuhi

Alfajiri, Newala ndani ya ukungu,
vidole vyangu havijaamka.
Miaka kumi na tisa nimebangua korosho;
leo kifungo cha gauni kimenishinda.

Daktari kule Ndanda alisema:
sungusungu wa mwili wako wamechanganyikiwa,
wanampiga mwenye nyumba.
Akaandika vidonge, kila Jumatatu, si kila siku.
Akarudia: si kila siku.

Wifi yangu Somoe akaleta manjano,
majani ya mlonge,
na mzizi mmoja asioutaja jina.

Nikavibeba vyote kliniki, kikapuni, kwa aibu.
Hakucheka. Alinusa.
"Manjano tia kwenye mchuzi. Mlonge, kula.
Huu mzizi, nani anaujua? Ini lako ni moja."

Somoe alinuna siku mbili.
Ya tatu akachemsha maji,
akaniloweka mikono kwenye beseni, kimya,
akivuta kidole kimoja kimoja
kama avuaye pete isiyokuwepo.

Sijapona. Nisimdanganye mtu.
Ila leo, jua halijagusa bati la jirani,
nimekunja ngumi,
na ndani yake korosho moja,
haikudondoka.