Na Kanada Amekula?

Wote wawili mtaa unawaita Wamarekani.
Mwinjaka hucheka. Mwanaidi hukunja uso:
"Mimi Kanada," husema,
kama mtu anayerudisha chenji iliyozidi.
Muuza mbaazi wa Barabara ya Kumi na Mbili akauliza,
"Kwani si nyumba moja, ukuta mmoja?"
"Ukuta mmoja, mama. Milango mbalimbali."

Wamekuja kwa ajili ya nyonga ya mama.

Kaka alihesabu noti kabla hajavua viatu.
Kule Ohaio alivunjika mkono,
bili ikaja nene kuliko plasta;
aliilipa miaka minne, naye huitaja
kama askari anavyotaja kovu.
Dada alijifungulia Winipegi bila kutoa senti,
ila goti lake linangoja zamu
tangu theluji ya mwaka juzi.
Foleni hiyo huisifia.
Huisifia akichechemea.

Usiku, wali mezani, wakagombania ua.
Kaka ataka tofali mpaka usawa wa paa,
vipande vya chupa juu, geti la chuma:
kila mtu na chake.
Dada ataka kwanza waitwe majirani,
waandikwe majina, wasikilizwe.
Akainuka kwa hamaki, akajikwaa kwenye kigoda,
akakiomba kigoda radhi.

"Unaona?" kaka alininong'oneza.
"Hao watakukanyaga, watakuomba radhi,
na mguu hawauinui."
Dada naye, jikoni:
"Muulize droo ya soksi zake ina nini.
Bastola! Kwa ajili ya nani? Jirani yake ni mwalimu wa kwaya."
"Na yeye droo yake imejaa fomu," kaka akajibu kutoka barazani.

Mimi nakuna nazi.
Sijafika hata Nairobi.
Ninachokiona ni kwamba wote wawili
wanaogopa maji ya mtungi wetu,
na wote wakikasirika
Kiswahili chao hupitia puani.

Bombo, saa mbili usiku, muuguzi akauliza
nani atalala na mgonjwa.
Kaka akasema tumwajiri mtu, atamlipa vizuri.
Dada akatoa kalamu, tupange ratiba ya haki.
Mkeka wangu ulikuwa umeshatandikwa,
wiki ya tatu sasa, chini ya kitanda.

Mama akafumbua jicho moja.
"Hawa Wamarekani wamekula?"
"Mimi Kanada, mama."
"Haya, mwanangu.
Na Kanada amekula?"