Inchi Nane

Dukani Rzeszów, karibu na ngazi za umeme,
kijana alinionyesha boksi lenye picha ya Zuhali,
nyekundu na buluu kama keki ya harusi.
"Inakuza mara mia sita sabini na tano," alisema.
Nikagusa ile miguu mitatu ya bati: ikatetemeka
kama ndama aliyezaliwa saa hiyo.
Kizuri chajiuza. Hiki kilijitembeza
hadi mlangoni, kimenishika mkono wa koti.

Mimi natengeneza viatu vya kutelezea thelujini.
Zloti elfu moja mia mbili ni majira mawili ya baridi,
gundi kwenye kucha, soli za watu wa Warszawa
wanaopanda mlimani Jumamosi na kuvunjika Jumapili.
Sikuwa na za kuchezea.

Nikaambiwa: yuko mama Lutowiska, Teodozja,
zamani mpimaji wa maziwa kiwandani.
Ana darubini ya kioo, lakini hamuuzii kila mtu.
Wameenda watatu, wamerudi mikono mitupu,
mmoja alikwenda na trela kabisa.

Haikuwa na sura: bomba la kadibodi ngumu,
kijani cha geti la shule,
limekaa juu ya sanduku la mbao lizungukalo
kwa vipande vitatu vya plastiki ya ndoo.
"Litikise." Nikalitikisa.
Likatulia kabla sijaondoa mkono.
"Chungulia ndani." Chini kabisa
nikaona jicho langu, kubwa kama sahani,
na vumbi la miaka, na ukingoni
pengo dogo, la ukubwa wa ukucha.
Nikatoa leso. Akasikia mfuko, akanipiga kofi la kiganja.
"Vumbi halizibi nyota. Leso ndiyo huzikwaruza.
Na hilo pengo ni kovu, si ugonjwa.
Ugonjwa wa kioo hauonekani mchana."

Tukalitoa nje, nyuzi kumi chini ya sifuri.
"Lipoe kwanza. Kioo chenye joto la nyumba husema uongo."
Saa nzima. Supu ya bitiruti kwenye vikombe.
Mbwa wake akalalia miguu yangu.

Kisha: "Elekeza Nyota ya Kaskazini. Iharibu."
Nikazungusha hadi nyota ikavimba,
ikawa duara ndani ya duara.
"Sema."

Ndipo nilipomtazama.
Mtoto wa jicho amelala humo, kulia na kushoto, haamki.
Mwaka wa pili huu hajaona nyota hata moja.
Wale watatu, nikaelewa, walisema: ajabu! maridadi!
Mimi nilikuwa na baridi, sikupata uongo wa kufaa.
"Naona pete, kama za kisiki.
Ya nje ni nene. Kushoto zimebanana.
Nikivuka upande wa pili, ni zilezile,
ila… sina hakika. Labda zimefifia kidogo."
"Labda," akarudia, kama anayeonja maziwa.
Akapapasa nyuma ya bomba, skrubu tatu,
akakaza moja, robo ya mzunguko.
"Na sasa?"
"Sasa zote zina kitovu kimoja."

Mshtarii alikuwa chini, juu kidogo ya ghala la jirani.
Ukitaka cha mvunguni sharti uiname:
nikapiga magoti thelujini, suruali ikalowa,
nikamhesabia miezi minne, upi uko wapi,
na mikanda miwili ya hudhurungi.
Aligonga kikombe kwa kila mwezi.
Mara ya nne aligonga mapema, kabla sijasema.

Bei hatukuitaja hadi mlangoni.
Akachukua elfu moja, akanirudishia mia mbili.
"Za petroli. Usiku usio na mwezi, ulete hapa. Unisimulie."

Sijajua kama nilinunua
ama niliajiriwa.
Nililifunga mkanda wa usalama kiti cha nyuma,
na kwenye kila kona nilinyoosha mkono gizani
kulishika, kama abiria aliyesinzia.