Kumwahi

Gobole lilikohoa, na pongo akaruka,
mgongo kaupinda kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.
Nikajua nimempiga, na nimempiga vibaya.
Moshi ulipopungua mihogo imesimama, yeye hayupo.

Pazi akataka kukimbia. Nikamshika shati.
Kaa. Hesabu pumzi zako mpaka mia tano.
Aliyejeruhiwa ukimfuata mbio, naye hupata mbio;
ukimwacha hulala, na kidonda humfunga kamba.
"Na akifa kabla ya kisu, Baba Mdogo?"

Hapo mtoto alinishika pabaya.
Bismillahi niliisema kabla ya mlio
au baada? Sikumbuki.
Haraka haina baraka, kikasema kichwa.
Chelewa chelewa, likajibu tumbo.
Tukakaa. Mbu wa Zingiziwa wakala kwanza.

Tone la kwanza lilikuwa juu ya jani la mkorosho,
jekundu, lina povu. "Pafu!" nikasema, kwa furaha ya kijinga.
La pili halina povu.
La tatu jeusi kama kahawa ya kijiweni,
limechanganyika na majani yaliyokwisha kutafunwa.
Pazi akanusa kidole. "Hili tumbo."
Nilikuwa nimeshindilia vipande vya nondo,
na nondo haina adabu, huingia kila chumba.

Tukafuata. Kando ya kila tone tukaacha jani lililochanwa,
ili tukipotea turudi kwenye la mwisho.
Mnyama aliyeumia huteremka, hutafuta maji,
na huyu aliteremka, kama walivyoteremka wenzake
tangu korongo hili lilipokuwa mali ya msitu.
Sasa limepimwa. Lina bikoni, lina namba.
Damu ilipita kiwanja cha mia na kumi na mbili,
ikapita ukuta ulioandikwa HAKIUZWI,
na tone moja limening'inia chini ya herufi ya mwisho.
Nikaligusa. Rangi.
Tone lenyewe lilikuwa mbele, kwenye kokoto,
na baada ya hapo, hakuna.

Nusu saa. Pazi anatambaa na tochi ya simu,
chaji asilimia tisa.
Mimi nazunguka kama kuku aliyepotelewa na yai.
Kisha akacheka, mtoto yule, akicheka kwa kunong'ona,
ananionyesha pagale lenye vyumba vinne:
"Nyumba haina paa. Ina pongo."

Mlinzi alikuwa ameketi juu ya tofali, chumba cha nyuma.
Nkwabi, wa Maswa. Mnyama kamfunika mfuko wa saruji.
"Kaingia saa nane. Nikadhani mwizi wa nondo.
Nikammulika. Akanitazama. Nikazima taa."
"Mbona hukumchinja?"
"Si wangu. Na kisu changu cha mkate."

Jicho lilikuwa bado na maji.
Mbavu zikipanda, zikikawia kushuka.
Sijui mnyama hudhani nini anapomwona aliyempiga
anamjia taratibu, anamwambia tulia, tulia.
Nikamgeuza kibla. Pazi akashika miguu.
Safari hii nilisema kwa sauti, ikarudi kutoka chumba cha pili.

Paja nilimpa Nkwabi. Akalipokea kwa mikono miwili,
akalitundika kwenye nondo ya dirisha,
akaja na ndoo, ile ya kumwagilia zege lisipasuke,
na fagio la chelewa.
"Mwenye nyumba anakuja Jumapili na mkewe.
Hapa, wanasema, watalaza mtoto."
Zege changa hunywa. Alisugua mpaka maji yakawa meupe.
Doa likabaki, dogo, limejichorea mipaka.
Akalisogezea tofali lake, akaketi.

Kumekucha. Nimebeba mzigo, shingo inauma,
na nyuma yangu Pazi anainama, anainuka, anainama,
anaokota yale majani tuliyoyachana.
"Ya nini tena?"
"Asije mwingine akafuata."