Breki Iliyobaki Kushoto

Aliyelichora gari hili
alikuwa ameketi kushoto.
Mwamba ngozi huvutia kwake,
naye akaivuta breki ya mkono hadi kwenye paja lake.
Kisha wakaliuza huku kwetu, Cork,
ambako dereva hukaa kulia.

Kiwandani walihamisha usukani. Walihamisha pedali,
swichi ya taa, hata kijishimo cha kuwekea sarafu.
Ilipofika zamu ya breki, nadhani kengele ya chakula ililia,
au mhasibu alipiga hesabu ya bati jipya, waya mpya,
tundu jipya la sakafuni,
akaandika pembeni kwa penseli: Iacheni. Watazoea.

Wapo waliozoea, wapo wanaolaani hadi leo.
Dereva huinama kuitafuta kama aliyeangusha funguo,
bega la kushoto likishuka,
kiwiko kikimwaga kahawa.
Lakini mimi ni mwalimu wa udereva.
Kiti changu ni hiki cha abiria,
na kwa miaka kumi na tisa wenzo ule umelala kando ya goti langu
kama paka wa jirani asiyejua kwao.

(Marehemu baba aliapa kwamba breki ya haki
ni ile ya gari lake kuukuu la Kiingereza,
iliyosimama kulia, kati ya kiti na mlango.
Kila aliposhuka ilimwingia mguu wa suruali.
Jumapili mbili alipokea komunyo akiwa na kiraka.)

Sikuwahi kununua pedali za mwalimu.
Gari likimzimikia mwanafunzi kilimani
mkono wangu ulitangulia wake, kimyakimya,
naye akadhani ameokolewa na wepesi wake mwenyewe.
Walinishukuru kwa kuwafundisha kujiamini.
Nilipokea shukrani, nikapokea na bahasha.

Ndipo akaja Gobnait Twomey, miaka sitini na mmoja,
mjane wa mtu ambaye kwa miaka thelathini
hakumpa hata funguo azishike.
Mara tatu alifeli pale pale, mlima wa Shandon,
kwa mkaguzi yule yule, aliyekalia kiti changu
na mikono yake yote miwili juu ya daftari.
"Breki yako haipendi wageni," akaniambia.
"Tukiwa sisi wawili hukamata. Akiingia yeye, haikamati."

Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nilivikalia viganja vyangu.
Mvua nyembamba. Gari la mikate nyuma yetu.
Injini ikazima, tukaanza kurudi,
shubiri, shubiri mbili,
mtu wa mikate akailalia honi,
na viganja vyangu vikapapatika chini ya mapaja
kama kuku wa wizi.
"Iko wapi?" akalia.
"Mbali," nikamwambia. "Mbali kuliko unavyodhani. Nyoosha."

Akanyoosha. Bega likavuka katikati ya gari,
mshono wa koti ukalia,
vidole vikapita goti langu, vikarudi, vikashika.
Jino la kwanza. La pili. La tatu.
Nilihesabu hadi la sita,
na mlima wote ukasimama.

Hakunishukuru. Alinitazama kwa muda
jinsi mtu anavyomtazama muuza duka
aliyekuwa akimpunja mizani,
kisha akatia gia ya kwanza.

Gari jipya linaletwa Alhamisi. Breki yake ni kitufe,
kama cha lifti, katikati kabisa,
hakiegemei kwa mtu.
Muuzaji anasema kinajikaza chenyewe.
Arubuni nimeshalipa.

Jana nililiegesha lile la zamani nje ya nyumba,
peke yangu, nikiwa upande wa kulia,
nikawaza mambo mengine, nikapeleka mkono
pale ambapo breki ingekuwapo kwa haki,
nikashika hewa,
nikainama kuitafuta.