Inchi ya Kwanza

Mke wangu ndiye aliyempima, nyuma ya pazia,
maana mimi ni baba, na binti keshakuwa.
Nilisimama uani, penseli sikioni,
nikasikia futi kamba ikinyooka juu ya kanga,
kisha sauti: "Thelathini na tatu, na kidogo!"
"Kidogo gani?"
"Kidogo. Upana wa kucha."

Nikaandika upana wa kucha ukutani, kwa chaki,
chini ya bei ya geti la Bwana Garama.

Mwanasiti ni mrefu wa miguu, mfupi wa kiwiliwili.
Baiskeli za kontena zote zilimkataa,
hii ilimvunja kiuno, ile ilimkaba mabega,
na bado kila alfajiri aliwatangulia vijana
kufika daraja la Sabaki.
Nikasema: nguo hushonewa mtu,
chuma kina nini kisishonwe?

Mirija ilikuja na basi la usiku kutoka Mombasa,
imeviringishwa magazeti, myembamba,
ukiigonga kwa ukucha inajibu.
Mimi ni fundi wa mageti, nimezoea chuma bubu.
Niliilaza mkekani siku mbili,
nikawa napita kando yake kwa kunyata
kama kuna kichanga kimelala.

Meza yangu ilikuwa marumaru ya kaunta
ya hoteli ya Mtaliano iliyofungwa,
ingali na duara za vikombe vya kahawa.
Hapo ndipo nilipozikata ncha, mdomo wa chewa,
tupa, jaribu, tupa,
mpaka mwanga ukakosa pa kupenya.
Tinkali nilipewa na sonara wa Shela
ndani ya karatasi ya peremende.
"Pete ya nani hii?" akacheka.
Shaba ikayeyuka, ikakimbilia maungioni yenyewe
kama samli kwenye chapati ya moto.
Bi Rukiya wa ng'ambo ya ukuta akauliza
tunachoma nini usiku wote huu.
"Mshono," nikamjibu.

Chumvi ya Malindi haingoji rangi.
Kila asubuhi kutu changa, kama hina ya juzi,
kila asubuhi kitambaa na mafuta ya nazi.

Siku ya kuipanda
alisimama juu yake kwa ncha za vidole.
Nikapima fremu: sawa.
Nikapima tena: sawa na ukuta, sawa na chaki.
Nikaomba futi kamba.

Inchi ya kwanza haikuwako.
Iliungua kwa pasi, Mwanasiti akiwa darasa la kwanza,
na tangu hapo mama yake huanzia moja
na kuitoa kichwani.
Ila siku ile nyuma ya pazia walikuwa wakicheka,
niliwasikia,
na kwenye kicheko hesabu ilidondoka.

Nikachukua msumeno. Binti akanishika mkono.
"Baba, kwani nitapanda nisimame?"
Akalegeza nati, akakishusha kiti,
akaikaza kwa spana yangu ya mageti,
akatoka, kona, msikitini, barabara ya Lamu.
Nilitega sikio. Hakuna kilichogonga, hakuna kilicholia,
ni mpira tu juu ya lami, halafu hata huo sikuusikia.

Mke wangu akaja, mikono ina unga.
"Vipi, imemkaa?"
"Imemkaa."
"Mbona umeshika futi yangu?"
Nikaikunja taratibu, ncha iliyoungua ndani.
"Kulikuwa na kidogo kimezidi.
Upana wa kucha."