Kundi la Mizani

Mbale, saa mbili usiku, umeme umerudi.
Namwingiza Khainza katika kundi la mizani:
apime kahawa ya Bududa, aandike kilo,
malipo asiyaguse.

Mwaka jana nilisahau herufi moja,
ile a ndogo ya kuongeza,
Wamono akavuliwa makundi yake mengine yote,
akashinda nje ya ghala alilolilinda miaka ishirini
kama mdaiwa. Alicheka. Mimi sikucheka.

Leo amestaafu. Nafuta jina;
mashine inanyamaza, ndivyo inavyokubali.
Lakini kwenye faili za msimu wa mvua kubwa,
palipokuwa na Wamono
pamebaki 1014.

Nimepaacha hivyo.
Akija kijana mpya kesho, nitamhesabia kuanzia mbele:
namba hiyo ina mwenyewe.